Mjadala: Baada ya hukumu ya Machakos, mkulima auze mbegu yake bila cheti?

Mtoa hoja, Nakuru

Ndugu zangu, tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Machakos ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomzuia mkulima kubadilishana na kuuza mbegu zisizosajiliwa vinakwenda kinyume cha Katiba. Kesi ilifunguliwa mwaka 2022 na wakulima wadogo 15, na kilichowapeleka kortini ni adhabu iliyowakodolea macho: kifungo cha hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote pamoja. Wengi wamefurahi, nami nimo. Hata hivyo, naona tunalizunguka swali lenyewe. Kupeana mbegu bure ni nadra kusikia mtu akikupinga hadharani. Ugomvi umo katika kuuza.

Mimi nasema kuuza kuruhusiwe, katika soko la jirani, kwa mazao yanayopandwa kwa punje, mradi muuzaji awe mtu anayejulikana mahali hapo. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba kijijini hakuna mpaka kati ya kupeana na kuuza. Mama aliyehifadhi kunde humpa jirani nusu gorogoro wakati wa kupanda na kurudishiwa gorogoro nzima baada ya mavuno. Shemeji yake humletea kuku. Mtu wa kijiji cha pili, ambaye hana kuku wala deni, hutoa shilingi 50. Sheria itakayowabariki wawili wa kwanza na kumkamata wa tatu itamlazimu askari aamue nani ni jirani na nani si jirani.

Sababu ya pili ni mboga zetu za kienyeji. Managu, saga, terere na kunde zimefika hadi leo kwa mikono ya akina mama, kwa kuwa kwa miaka mingi kampuni za mbegu hazikuona faida ndani yake. Anayedhani kazi hiyo hufanywa kiholela na amtazame mtu akitoa mbegu ya managu. Huacha mashina machache bila kuyachuma majani mpaka matunda yaive kabisa, huyaponda katika maji, huosha utelezi mara kadhaa huku mbegu nzito zikitua chini na makapi yakimwagwa, kisha huzianika kivulini, maana jua kali huua kiini. Kabla ya kumpa mtu, huweka punje kumi katika kitambaa kibichi kwa siku chache. Zikiota tatu tu, huzitupa. Mtu huyu hana maabara, lakini ubora anaujua, na akimpa mwenzake mbegu mbovu atakutana naye kanisani Jumapili.

Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake na jamii za Kenya. Sioni jinsi matumizi hayo yatakavyolindwa ikiwa soko limefungwa. Nawakaribisha, hasa mnaopinga.

Mchangiaji wa kwanza, afisa ugani mstaafu, Bomet

Mtoa hoja, umeandika vizuri, lakini mimi niliyaona mahindi ya mwaka 2011. Ugonjwa uliotuvamia hapa Bomet, ambao husababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia mmea kwa pamoja, ulikausha mashamba yakiwa bado mabichi, na magunzi mengi yalitoka na punje za kuhesabika. Wadudu ndio wasambazaji wakubwa, lakini kirusi kimojawapo husafiri pia ndani ya mbegu, na punje chache tu zenye maradhi zinatosha kuyafikisha kwenye kaunti ambayo haijawahi kuyaona. Kitambaa chako kibichi hakionyeshi virusi. Punje yenye ugonjwa huweza kuota vizuri kabisa.

Pili, fikiria matapeli. Tayari wapo wanaopaka nafaka ya kawaida rangi na kuifunga kama mbegu ya dukani. Ukiondoa sharti la cheti cha ubora wa mbegu, tapeli huyo hatahitaji hata rangi. Atasema tu kwamba anauza mbegu ya kienyeji. Cheti kina gharama na usumbufu, nakubali, lakini mkulima aliyepoteza msimu mzima hana wa kumlipa.

Mchangiaji wa pili, Mbeya

Ndugu zetu wa Kenya, kwetu Tanzania kuna njia ya katikati inayoitwa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Mkulima au kikundi hujisajili, shamba hukaguliwa na wakaguzi chini ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, bila masharti yote ya mbegu iliyothibitishwa, na mbegu huuzwa katika eneo lao, si nchi nzima. Imesaidia hasa katika maharage na mtama, mazao ambayo kampuni hazina haraka nayo. Tatizo ni kwamba mpango huu umejengwa juu ya aina zilizokwisha kuidhinishwa, hivyo ile mbegu ya asili isiyo na jina katika orodha hubaki nje, na ndiyo mnayoijadili hapa.

Mtoa hoja

Mzee wangu wa Bomet, hoja ya virusi ni nzito, na ndiyo maana niliandika «mazao yanayopandwa kwa punje». Vipando vya mihogo hubeba magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, na viazi vya mbegu hubeba mnyauko wa bakteria. Katika mazao hayo ugonjwa huhama pamoja na kipande chenyewe cha mmea, na ukaguzi uwepo. Maharage na kunde ni jambo jingine, kwa kuwa ua hujichavusha lenyewe kwa kiasi kikubwa na aina hubaki ileile mwaka hadi mwaka. Sheria ilikosea kuvitia vyote hivi katika kapu moja.

Kuhusu matapeli sikubaliani nawe. Tapeli huiga pakiti ya kampuni kwa sababu pakiti haina uso. Mnunuzi hajui aliyeijaza. Ndiyo maana nimetaka muuzaji ajulikane, na nitaongeza kwamba kikundi chake kiandike katika daftari jina la zao, msimu wa mavuno na matokeo ya kuotesha. Daftari la namna hiyo lingeweza pia kuwa mlango wa kuiingiza mbegu ya asili katika njia ya wenzetu wa Mbeya.

Mchangiaji wa tatu

Na aina zenye haki ya mgunduzi, yaani mbegu mpya ambazo aliyezizalisha ndiye mwenye haki ya kuziuza? Kenya imo tangu mwaka 1999 katika mkataba wa UPOV, mkataba wa kimataifa unaolinda haki hiyo.

Mtoa hoja

Aina hizo zisiuzwe kwa mlango huu. Hapa ninatetea za asili. Na chotara la dukani halifai kuhifadhiwa kwa vyovyote, kwa sababu kizazi cha pili huchipuka mchanganyiko na mavuno hushuka. Panapobaki ugumu ni kwenye mahindi ya kienyeji: chavua yake hupeperushwa na upepo, wataalamu hutaka mita 200 au zaidi kati ya shamba na shamba, na wengi wetu tuna robo ekari. Mzee wa Bomet, hapo ungeweka sharti gani ambalo mwenye robo ekari anaweza kulitimiza?