Laptopu giza baada ya kuhamia Mint 22 (Linux): nibadili kioo, ninunue monita au nirudi Windows?

Msukuma_Kibodi
Wakuu, habari za jioni. Laptopu yangu imekuwa giza tangu nilipoapdeti Linux. Fundi anasema kioo kimekufa, nimpe 180,000 aweke kingine. Jirani anauza monita ya inchi 19 kwa 110,000. Shemeji naye anasema nirudi Windows, yataisha yenyewe. Pesa niliyo nayo inatosha kimoja tu, na fundi anataka jibu kesho kutwa. Mnanishauri nini?

Tochi_ya_Fundi
Laptopu gani? Linux ipi? Giza la namna gani? Unauliza bei ya viatu hujasema namba ya mguu.
Kabla hujatoa hata mia, iwashe chumba kikiwa na giza, umulike kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo, kilichozimika ni taa za nyuma ya kioo. Halafu tuambie ile nembo ya kampuni inayotokea mwanzo kabisa inawaka kawaida au nayo ni giza.

Kaka_Windows
Hayo yote ya nini? Linux ni ya seva. Rudi Windows ufanye kazi zako.

Msukuma_Kibodi
Chapa siitaji, vita ya chapa humu haiishi. Ni ya 2013, prosesa ni Intel i5 kizazi cha nne. Nilikuwa Mint 21 nikahamia Mint 22. Nembo inang'aa vizuri tu, giza linaingia Mint inapoanza kupanda. Kwa tochi naona hadi kisanduku cha nywila. Hapa naandika kwa simu.

Dada_wa_Keneli
Fundi asubiri kwanza. Nembo ikiwaka ina maana taa zinaweza kuwaka, kuna kitu kinazizima baadaye.
Mint 21 ilitoka na keneli (kiini cha Linux kinachoendesha vifaa) 5.15, Mint 22 ina 6.8. Katikati hapo, kwenye 6.1 ya Desemba 2022, namna keneli inavyochagua njia ya kuendesha mwanga wa kioo ilipangwa upya. Zamani ungeweza kukuta njia mbili kwa pamoja ndani ya /sys/class/backlight, moja ya ACPI (mfumo wa bodi wa kusimamia umeme) na nyingine ya kadi ya picha. Sasa inaandikishwa moja tu, na baadhi ya mashine za zamani zinapewa isiyozifaa.
Ukiwasha, bonyeza Esc (kama haikubali, shikilia Shift) mpaka menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha) itokee. Hapo mwanga bado utakuwepo. Bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na neno linux, mwishoni kwake ongeza acpi_backlight=video, kisha F10. Ikigoma, badala ya video weka native, halafu vendor. Ukizima mashine mabadiliko hayo yanafutika, kwa hiyo usiogope. Ikikubali ndipo utayaandika kwenye /etc/default/grub na kumalizia na sudo update-grub.

Mpwani_Likoni
Mbona safari ndefu hivyo? Andika xrandr --output eDP-1 --brightness 1.5 umalize. Kwangu ilifanya kazi.

Dada_wa_Keneli
Ndugu yangu, hiyo haigusi taa, inapandisha rangi za picha tu. Taa ikiwa imezimika hata uandike 5 utabaki gizani.

Kaka_Windows
Si mnaona? Mtu anataka kioo kiwake, anapewa mtihani wa kuandika.

Babu_Diski
Arudi Windows ipi, kijana? Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel rasmi inaanzia kizazi cha nane, yeye ana cha nne.

Kaka_Windows
Babu, inawekwa kwa nguvu. Watu wanaweka kila siku.

Babu_Diski
Kumbe na huko kuna mtihani wa kuandika.

Mama_Tausi_Steshenari
Mwenye mada, hicho kioo usikikimbilie. Mimi nina duka la steshenari, laptopu ya kazini ilianza kupepesa kila nikiinua mfuniko. Fundi hakuipima, akaitazama tu akasema kioo. Nikatoa hela. Akaleta cha kwanza, kina pini 40, mashine inataka 30. Akaenda tena, akarudi na kingine jioni. Akakichomeka betri ikiwa ndani, na mimi nimekaa pale pale namwangalia. Giza totoro. Akasema "mama, hii sasa madabodi," akataja bei ambayo ningeongeza kidogo nikanunua nyingine.
Nikabeba mzigo wangu kwa kijana mwingine. Yeye alichukua mita, akagusa fyuzi ndogo kama punje ya mchele pale waya wa kioo unapoingilia kwenye bodi. Upande mmoja kuna umeme, wa pili hakuna. Akabadilisha, taa zikawaka. Na ukiinua mfuniko bado zinapepesa! Tatizo lilikuwa waya uliochoka kwenye bawaba tangu mwanzo. Nikarudi kudai kioo changu cha zamani, ambacho kumbe kilikuwa kizima, naambiwa kimetupwa. Msimu wenyewe ulikuwa wa wanafunzi kuomba mikopo ya chuo. Foleni yote ikahamia duka la jirani.

Tochi_ya_Fundi
Pole, mama. Kuchomeka kioo betri ikiwa ndani ni ushamba wa kiwango cha juu, laini ya taa inabeba volti nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mashine nyingine zina betri ya pili iliyofichwa ndani, na baadhi unaweza kuizima kwenye bayosi (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujaanza) kabla ya kufungua. Na kioo hakinunuliwi kwa jina la laptopu. Kinafunguliwa, inasomwa lebo ya nyuma, pini zinahesabiwa.

Mpwani_Likoni
Huwa ni inveta hiyo, kile kibao kirefu cha kuwashia taa chini ya kioo. Nimebadilisha nyingi sana.

Babu_Diski
Hizo ni enzi za taa za mirija. Mashine ya 2013 ni LED, inveta utaitafuta mpaka kesho.

Mpwani_Likoni
Zipo za LED zenye kibao, nishazifungua mwenyewe.

Babu_Diski
Weka picha.

Msukuma_Kibodi
Wakuu, nimerudi. Kwa acpi_backlight=video imewaka! Vitufe vya mwanga vinafanya kazi pia. Lakini nikifunga mfuniko nikafungua, giza tena. Na leo nimeona nikikisukuma kioo nyuma kidogo kinamweka mara moja kisha kinazima. Jirani kashusha monita hadi 95,000.

Tochi_ya_Fundi
Waya huo. Nilijua.

Dada_wa_Keneli
Ulijua lini? Giza baada ya mashine kulala linaweza kuwa dereva (programu inayoendesha kifaa) vilevile. Kama keneli 5.15 haijafutwa, iko kwenye menyu ya GRUB, chaguo za ziada. Iwashe nayo, ulaze mashine, uamshe.

Tochi_ya_Fundi
Sawa, ila kabla ya hapo aingie bayosi, akae humo humo, aupeleke mfuniko mbele na nyuma taratibu. Ikipepesa huko, Linux haihusiki, maana hata haijaanza.

Mama_Tausi_Steshenari
Kijana, unaishi mtaa wa umeme gani? Monita haina betri. Ukikatika, laptopu inaendelea kufanya kazi na wewe huoni kitu.

Msukuma_Kibodi
Umeme wetu ni wa kubahatisha, mama. Hilo sikuliwaza. Bayosi nitajaribu usiku, mwanangu anaangalia katuni kwenye simu na ndiyo nasomea maelekezo.

Chela_Usiku
Samahani naingilia. Mimi kioo kinawaka ila nikishusha mwanga usiku kichwa kinaniuma. Ni keneli pia?

Dada_wa_Keneli
Vioo vingi hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha taa haraka haraka, na macho ya baadhi ya watu hayavumilii. Weka mwanga juu, utumie mandhari nyeusi. Ila ungefungua uzi wako.

Kaka_Windows
Mwenye mada, hiyo laptopu unaiuza ngapi kama ilivyo?

Mpwani_Likoni
Mimi nataka hiyo monita ya jirani. Ina HDMI au VGA peke yake?