Naomba ushauri: viputo vya hewa kwenye sindano ya insulini

Wakuu, habari zenu. Najichoma insulini mwenyewe nyumbani, ile ya kuvuta kutoka kwenye kichupa, na viputo vya hewa vinanichosha. Hofu ya kufa nesi alishaniondolea: tunachoma chini ya ngozi, si kwenye mshipa, kwa hiyo kiputo kidogo hakina madhara. Kinachonisumbua ni dozi. Insulini yangu ni yuniti 100 kwa mililita, yaani yuniti moja ni mililita 0.01 tu. Kiputo kikibaki mle kinakula nafasi ya dawa, halafu sukari inapanda mtu unabaki kushangaa.

Huwa naingiza kwanza hewa kichupani sawa na dozi, nakigeuza kichwa chini, navuta taratibu, nagonga bomba kwa kidole. Vikubwa vinapanda, navirudisha kichupani na kuvuta upya. Vile vidogo sasa, ving'ang'anizi kwelikweli! Na sitikisi kichupa, nakibiringisha tu viganjani.

Wenzangu mnafanyaje? Kuitoa kwenye friji mapema iache ubaridi kunasaidia? Na nyie mnaochoma kwa kalamu ya insulini (ile yenye dawa ndani tayari), zile yuniti 2 za kujaribia mnazitoa kila mara kabla ya kuchoma? Nafikiria kuhamia huko.