Modeli ya matembezi ya kikundi, nakwama wapi?

mwana_kirumba: Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza namalizia utafiti wa chuo kuhusu matembezi ya wikendi. Nimekaa wikendi nne pale wanapopandia boti ya kwenda hifadhi ya kisiwa cha Saanane nagawa dodoso, nikatumia logit ya kawaida (modeli ya kukadiria uwezekano wa mtu kuchagua kwenda au kutokwenda), nikaweka umri, kipato, umbali, gharama. Sasa modeli inanipa uwezekano wa mtu mmoja mmoja wakati watu wanakuja saba saba, kumi kumi, fulana rangi moja. Msimamizi kaniuliza "nani kati yao aliamua?" nikabaki natoa macho. Msaada jamani

Sangara2: Kakubana kweli. Logit ile ya McFadden (yule mchumi wa Nobeli 2000) ukiitumia hivyo kila mtu anachagua kivyake. Fulana saba uamuzi mmoja mkuu, ukihesabu saba umejaza data hewa.

dada_mratibu: Mi ndo huwa napanga matembezi ya ofisini kwetu Nyakato, na swali la kwanza la kila mtu sio bei, ni "nani mwingine anaenda?" Tafuta makala ya mwanasosholojia Granovetter ya 1978, kila mtu ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaongoja waanze ndo na yeye aingie. Watu 100, mmoja anaanza bila kungoja mtu, wa pili anangoja 1, wa tatu 2, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anayengoja 99, wote wanaingia. Sasa yule wa kungoja 1 mfanye angoje 2, anabaki yule wa kwanza peke yake! Na wastani wa vizingiti umesogea kidogo mno. Yeye alikuwa anaongelea fujo za mitaani ila listi ya wasapu ndo hiyo hiyo. Yetu ya mwisho ililala wiki nzima kwenye namba 3, mama mmoja wa uhasibu akaandika "4. mimi na sato wangu wa kuchoma", mpaka usiku tuko 14, na mshahara ulikuwa bado haujatoka

Sangara2: 😂😂 sato ana nguvu. Na gharama usiiweke kama kiasi kimoja kisichobadilika, Saanane kiingilio ni kwa kichwa sawa, lakini mkikodi boti ya mtu bei ni ya boti nzima, mkiongezeka kila mmoja analipa kidogo zaidi. Halafu pale kwenye boti umewahoji waliokuja tu, safari zilizofia kwenye grupu hujazigusa

mwana_kirumba: Duh, hizo hata sikuwaza. Grupu letu la kwaya kuna listi ya Rubondo iliishia namba 2, na namba 2 ni mimi. Naanza na hiyo