Kulipia kapu la mboga kabla halijapandwa: haki iko upande gani?

Mleta hoja
Wadau, hoja ni hii. Kaya 20 za mtaa mmoja wa Dar, tuseme Goba au Chanika, zinaingia mkataba na mkulima wa jirani. Zinalipia wiki 12 mapema, kisha kila Jumamosi kila kaya inachukua kapu la kilichoiva. Shamba likipigwa, wote wamepigwa. Wajapani wana utaratibu huu tangu miaka ya 1970, wanauita teikei. Marekani ulianza 1986, Ufaransa 2001. Je, ni haki mlaji wa kwetu kubeba hasara ya shamba? Na je, mboga ya karibu ina haki kuliko inayosafirishwa kutoka mbali, Lushoto huko Tanga?

Bwana Shamba
Ni haki, ila kila hasara itajwe kwa jina ndani ya mkataba. Masika yakizidi na ugonjwa wa bakajani ukala nyanya, hiyo tugawane. Mchicha ukikatika wiki ya 5 kwa sababu mkulima hakusia wiki ya 1, hilo ni deni lake.

Kusia kuna hesabu. Mchicha wa kung'oa huchukua wiki 3 hadi 4. Kaya 20, kilo moja kila kaya, ni kilo 20 kwa wiki. Tuta la mita 1 kwa 15 lenye samadi iliyoiva linatosha, hata likitoa kilo moja na nusu kwa mita ya mraba. Basi awe na matuta 5, asie moja kila wiki bila kuruka, na lililovunwa liwekwe samadi upya kabla ya kurudiwa. Mbegu ni ndogo mno, azichanganye na mchanga mkavu. Zikimwagika kwa mafungu, miche husongamana, mashina hurefuka, majani hayapo.

Sukuma wiki huanza kuchumwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni, kwa hiyo iwe ardhini kabla ya mkataba kuanza. Wengi hukosea hapo: wanapokea hela ndipo wanaandaa kitalu, na wiki nyingi za kwanza kapu ni mchicha mtupu.

Nyanya zisiahidiwe kwa kilo. Tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie nchini 2014, hakuna mwenye uhakika nazo. Inua jani ulielekeze juani: utaona mabaka meupe kama karatasi, na kiwavi yumo humo katikati ya ngozi mbili za jani. Dawa inayoua kwa kugusa haimfikii, lazima itumike inayopenya jani. Majani yenye mabaka yafukiwe, na msimu unaofuata pasipandwe nyanya, bilinganya wala viazi mviringo.

Mchumi wa Mbagala
Kaka, hesabu ya shamba umeipiga vizuri, ya mfukoni bado. Anayelipwa kwa siku hununua mboga kwa siku. Kapu la shilingi 8,000 kwa wiki 12 ni 96,000. Ukimdai zote mwanzoni umemfungia mlango, na hapo msikiite tena chakula cha jamii, kiiteni chakula cha wenye mshahara.

Bwana Shamba
Hapo nakubali, dada. Asilimia 30 inatosha kuanzia: 28,800 kwa kaya, 576,000 kwa kaya zote 20. Hiyo ni mbegu, samadi na mafuta ya pampu. Kinachobaki ni 5,600 kila Jumamosi. Na kama mtaa una upatu, mkulima apewe zamu ya kwanza, kila mtu anaujua utaratibu huo.

Msafirishaji
Nijibu la Lushoto. Fuso yenye tani 7 za kabichi na karoti, kilomita 350 hadi Dar, kwa lita moja kila kilomita 4, hutumia lita 88. Hata ukihesabu kurudi tupu ni lita 175, yaani lita 0.025 kwa kilo. Bodaboda anayepeleka kapu moja la kilo 6, kilomita 20 kwenda na kurudi, akitumia nusu lita, ametumia lita 0.083 kwa kilo. Zaidi ya mara tatu! Mboga ya jirani ikipelekwa nyumba kwa nyumba inapoteza sifa yake. Pawe na kituo kimoja, watu wafuate kapu kwa miguu.

Mkaguzi wa Mboga
Naongeza zito zaidi. Karibu si sawa na safi. Bonde la Msimbazi liko katikati ya jiji, hakuna shamba la karibu kuliko hilo, lakini mto unapokea majitaka ya viwandani na majumbani, na vipimo vya watafiti vimekuta madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye mchicha wa huko. Risasi iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha. Kabla ya kusaini, wanakapu waende shambani waulize maji yanatoka wapi. Alama ya Kilimohai, ya mazao yanayolimwa bila kemikali za viwandani, inayofuata kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa 2007, husaidia; vikundi vidogo vinaweza kuipata kwa wakulima kukaguana wenyewe, bila kumlipa mkaguzi wa nje.

Mchumi wa Mbagala
Na bei ya mboga ikipanda masika, mkulima akampelekea mchuuzi wa Ilala kilicho cha kapu?

Bwana Shamba
Ndiyo hatari kubwa kuliko wadudu. Mkataba useme matuta yapi ni ya kapu, yawekewe vibao, na mavuno yaandikwe daftarini kwa kilo, si kwa fungu.

Msafirishaji
Mzani, kweli. Mkulima wa Lushoto anaumizwa na lumbesa: gunia linashonewa kilemba juu, bei ni ya gunia lile lile. Mkiuza kwa fungu mmehamishia lumbesa kwenye kapu, safari hii anayepunjwa ni mlaji. Mzani wa kuning'iniza wa kilo 50 uwe pale kituoni, na kila kapu lipimwe mbele ya mwenyewe.