Shirika linakataa kunirudishia mtoto wa dada yangu, nifanyeje?

Mama Tumaini (mleta mada)
Habari za jioni ndugu zangu. Usiku wa tatu huu sijapata usingizi. Nipo Mwanza, nalea binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 16. Wiki mbili zilizopita alitoka kwenda bombani, hakurudi. Nilizunguka kwa ndugu wote hadi stendi ya Nyegezi. Kesho yake nikapigiwa simu na shirika moja la hapa jijini linalosaidia vijana na familia zenye migogoro, kwamba yuko kwao, yuko salama. Nimekwenda mara tatu. Wananikaribisha chai, wananiambia nisubiri kikao. Mtoto nimemwona dakika kumi tu, kavaa kanga ya kupewa, hakuinua uso. Sare yake ya shule bado inaning'inia msumarini. Wana haki gani? Nitamtoaje kabla ya Jumamosi?

Mzee wa Ngoma
Mashirika haya yanakula kwa migongo ya watoto wetu. Zamani ugomvi wa nyumbani ulimalizwa na mjumbe wa nyumba kumi, jioni watu wanakula sahani moja.

Dada wa Buzuruga
Pole sana. Lakini binti wa miaka 16 haondoki bombani bila sababu. Alikimbia nini? Na kwa nini Jumamosi?

Mama Tumaini
Jumamosi kuna shughuli ya kifamilia, anahitajika. Kwangu hapigwi, muulizeni jirani yeyote.

Fundi Baiskeli
Mimi nilikimbia nyumbani nikiwa na miaka 13. Baba alikuwa anatumia waya. Nililala sokoni karibu mwezi mzima, ndipo kituo kikanichukua. Kilichonisaidia si godoro lao. Mlezi mmoja alikwenda kukaa na baba mara nne, akimsikiliza tu habari za kukosa kazi. Mara ya tano ndipo akaja na mimi. Wangenirudisha siku ya kwanza, ningetoroka usiku uleule. Mama, usiogope hicho kikao.

Kaka Mchangamfu
Shughuli ya kifamilia isiyowezekana bila mtu mmoja ni mbili tu: msiba wake au harusi yake. Mtoto yuko hai. Tujuze basi.

Mama Tumaini
Haya. Kuna posa. Ni mtu wa Magu, ana duka la vifaa vya ujenzi, anajiheshimu. Ameshaleta ng'ombe wanne na laki nne taslimu. Hizo laki nne zimelipa deni la matibabu ya mume wangu, ambaye hadi leo hawezi kunyanyua hata jembe. Msinihukumu. Nina wengine watano. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni siku ya kumzika mama yake, siwezi kumtakia mabaya. Sheria ya ndoa inaruhusu miaka 15 mzazi akiridhia. Na yeye hakukataa, alinyamaza tu.

Dada wa Buzuruga
Anasoma?

Mama Tumaini
Kidato cha pili. Nilimsimamisha kwa muda.

Hakimu wa Mtaani
Dada, nisikilize vizuri. Kifungu hicho cha Sheria ya Ndoa ya 1971 Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba kinakiuka Katiba, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Zaidi ya hapo huyu ni mwanafunzi. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe 2016, anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela, na anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa lake. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hao hawajakuibia mtu. Nenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii kabla dawati la jinsia na watoto la polisi halijakufuata. Ukishindwa pa kuanzia piga 116, ni bure.

Mzee wa Ngoma
Bibi yangu aliolewa na miaka 14, akazaa tisa.

Dada wa Buzuruga
Na wangapi walikua, mzee?

Jicho la Tatu
Wakuu mnapigwa chai hapa. Mtu hajalala siku tatu lakini anaandika kwa mpangilio hivi? Kwanza sare, halafu mgonjwa, halafu ng'ombe. Hii ni kampeni ya shirika fulani.

Kaka Mchangamfu
Hata mimi nilianza kushtuka. Mleta mada, ndoo ya maji ilikwenda wapi? Hukuitaja kabisa.

Mama Tumaini
Aliileta mtoto wa jirani jioni ileile. Ya njano, mpini tulifunga kamba. Ilikuwa imejaa, binti kaifunika na jani la mgomba maji yasimwagike. Alichota kwanza ndipo akaondoka. Sijaimwaga mpaka leo. Sasa niambieni nimetunga.

Jicho la Tatu
Samahani, mama.

Fundi Baiskeli
Kikao ni lini?

Mama Tumaini
Alhamisi saa nne asubuhi.

Dada wa Buzuruga
Mpelekee sare. Usiseme neno la posa, mpe sare tu mkononi.

Mama Tumaini
Nitaifua leo. Ng'ombe bado wapo wote zizini kwa shemeji, wanarudishika. Lakini laki nne ndugu zangu, laki nne nazitoa wapi?