iPhone 13 ya Marekani inayotumia chipu ya laini: ni simu ya kununua au ni mzigo?

kisima_kavu

Wakuu, habari za leo. Kuna iPhone 13 inauzwa Kariakoo. Muuzaji anasema imetoka Marekani, bado imefungwa mtandao ila "ina chipu, inashika laini zote". Bei iko chini mno ukilinganisha na 13 nyingine za mtaa huohuo, na betri inaonyesha asilimia 100. Naomba kujua:

1. Hiyo chipu inafanya nini hasa, na fundi anaweza kuiondoa lock ikaisha kabisa?
2. Kisheria imekaaje? Jamaa mmoja ananitisha kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wataizima.
3. Nikifika dukani nikague nini kabla sijatoa hela?

fundi_trei

Mkuu, madukani kila kitu kinaitwa "lock", na hapo ndipo watu wanapopigwa. Lock ya mtandao ni kampuni ya simu ya Marekani kuiuza simu kwa mkopo au punguzo, halafu ikaifunga ipokee laini zake tu. Lock ya iCloud ni akaunti ya mwenye simu kubaki ndani. Hii ipo tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na ukiikuta usibishane bei, ondoka. Kuna na ya tatu, usimamizi wa mbali, ambayo hukutwa kwenye simu za ofisi na za shule. Hii ya mwisho hujificha: simu inatumika vizuri mpaka siku unapoifuta, ndipo inapokuandikia kwamba inasimamiwa na taasisi fulani.

Sasa chipu. Lock ya mtandao kwenye iPhone haikai ndani ya simu. Iko kwenye seva za Apple, imeandikwa kwenye kumbukumbu za IMEI yako, ile namba ya pekee ya kila simu. Simu ikifutwa na kuwashwa upya inauliza seva: IMEI hii inaruhusiwa laini za nani? Jibu linalorudi ndilo linaloamua. Kwa hiyo fundi anayesema "naiflashi inatoka" anakuchuna tu, kwa sababu hata akiweka iOS upya mara kumi, simu itauliza swali lilelile na kupata jibu lilelile. Anayeweza kubadilisha jibu hilo ni kampuni iliyoifunga, basi.

Chipu, wengi wanaijua kwa jina la R-SIM, ni kipande chembamba chenye vigusio vya dhahabu. Kinabandikwa juu ya laini kwenye trei. Simu inapoisoma laini, chipu inadakia mazungumzo na kujitambulisha kama laini ya ile kampuni ya Marekani. Seva inaridhika, simu inaamka, kisha laini yako ya kweli inaachiwa ifanye kazi. Apple wakiziba namba ya utambulisho iliyotumika, watengenezaji wanatafuta nyingine na wewe unarudi kwa fundi kuiingiza. Ndiyo maana utaambiwa usiapudeti na usiirisiti.

Matatizo yake ya kila siku: mtandao kukatika na kurudi, eSIM (laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu) kutokufanya kazi, FaceTime na iMessage kugoma kujisajili. Tena chipu inaifanya laini iwe nene. Ukiichomoa kwa nguvu unapinda pini za msomaji wa laini, na hapo hata kampuni ikija kuifungua simu siku moja, laini haitasoma.

sheria_za_kiganjani

Nijibu swali la pili.

Kufungua lock ya mtandao si kosa huko Marekani kwenyewe. Sheria yao ya hakimiliki za kidijitali ya 1998, DMCA, inakataza kuvunja vizuizi vya programu, na simu zilikuwa zimepewa msamaha. Msamaha huo ukaondolewa kwa simu mpya Januari 2013, watu wakapiga kelele, Bunge likapitisha sheria ya kuurudisha na Obama akaisaini tarehe 1 Agosti 2014. Lakini sheria hiyo haifuti deni. Kampuni nyingi hazifungui simu ambayo haijamalizwa kulipwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya simu za chipu kufika huku zikiwa bado zimefungwa.

Nchi nyingine zilishamaliza mjadala huu. Canada, kuanzia 1 Desemba 2017, kampuni za simu zinatakiwa kuuza simu mpya zikiwa wazi. Uingereza walifuata Desemba 2021. Ndiyo maana inafaa kuuliza simu imetoka wapi hasa, maana "ya nje" ni neno pana mno.

Jihadhari na wale wanaouza "unlock ya kudumu kwa IMEI" mtandaoni. Nyingi hupitia mlango wa nyuma wa kampuni. Mwaka 2021 mahakama ya Seattle ilimfunga mtu miaka 12 kwa kuwahonga wafanyakazi wa kampuni ya simu ya AT&T wafungue simu; zilizofunguliwa zilikuwa zaidi ya milioni 1.9. Kufuli iliyofunguliwa namna hiyo, kampuni ikigundua inaweza kuirudisha.

Kuhusu TCRA: zilizozimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016 zilikuwa simu zenye IMEI bandia. Chipu ya laini haigusi IMEI. Simu kuwa na lock ya Marekani si sababu ya kuzimwa hapa. Kinachoweza kuizima ni IMEI feki, au simu iliyoripotiwa kuibwa: mwenye mali anachukua RB polisi, anaipeleka kwa kampuni yake ya simu, IMEI inafungiwa. Na fundi akikwambia atabadilisha IMEI ili ifunguke, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kufungua mtandao ni jambo moja, kuchezea IMEI ni jambo jingine kabisa. Humu jukwaani watu huyachanganya kila wiki.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa IMEI. Siku polisi wakikuuliza simu umeipataje, hiyo ndiyo itakayokujibia.

bei_ni_bei

Mbona mnaisema chipu kama sumu? Mtu anayetaka kamera nzuri na WhatsApp, anatumia Wi-Fi kutwa, laini yake ya benki iko kwenye kitochi, kwa bei hiyo amepata simu. Awe na laini moja tu, asirisiti, azime apudeti za kujiendesha zenyewe, amemaliza.

fundi_trei

@bei_ni_bei ukizima apudeti unazima na viraka vya usalama. Simu yenye akaunti za benki na picha za kitambulisho kubaki kwenye iOS ya zamani ni hatari kuliko kukosa mtandao. Kwa simu ya kamera tu, sawa, sina ugomvi. Ila bei yake iwe ya simu ya kamera, na siku ya kuiuza jua utaiuza kwa bei hiyohiyo au chini.

Mwenye uzi, ukaguzi ni huu. Nenda na laini mbili za mitandao tofauti, pini ya trei, na bando la kutosha.

Piga *#06# na ulinganishe IMEI inayotokea na iliyo kwenye Settings, General, About. Kisha itume kwa SMS kwenda 15090. Majibu yatakutajia aina ya simu. Ukiambiwa ni modeli nyingine, hapo kuna mchezo. IMEI ina tarakimu 15, nane za kwanza zinataja modeli, ya mwisho ni ya kuhakiki. Unaweza kuipima kwa karatasi. Chukua 490154203237518, mfano maarufu wa kufundishia. Acha ile 8 ya mwisho. Kila tarakimu ya pili izidishe kwa mbili, na jibu likiwa na tarakimu mbili zijumlishe: 9 inakuwa 18 yaani 9, 1 inakuwa 2, 4 inakuwa 8, 0 inabaki 0, 2 inakuwa 4, 7 inakuwa 14 yaani 5, 1 inakuwa 2. Jumla 30. Zilizobaki, 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, ni 22. Jumla kuu 52. Kufikia 60 inapungua 8, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Isipokubali, namba hiyo imebuniwa. Ikikubali bado haijathibitisha kitu, kwa sababu IMEI ya kunakiliwa toka simu nyingine nayo inakubali.

Kwenye About hiyohiyo shuka hadi Carrier Lock. Simu iliyo wazi imeandikwa "No SIM restrictions". Usiishie kwenye maandishi: toa trei mwenyewe, hakikisha hakuna kitu juu ya laini, weka laini yako peke yake, zima na washa. Ikisema "SIM Not Supported", imefungwa, hata kama muuzaji anaapa. Rudia na laini ya pili.

Angalia herufi ya kwanza ya namba ya modeli. M ni simu iliyouzwa mpya, F imekarabatiwa na Apple, N ni ya kubadilishiwa mteja. Mwisho ukikuta LL/A ni ya Marekani.

Halafu betri. 13 ilitoka Septemba 2021, na Apple wenyewe wanasema betri yake inabaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kwa hiyo 100 kwenye simu iliyotumika mara nyingi maana yake ni moja kati ya mawili: imebadilishwa, au namba imeandikwa. Betri ya kopi kwa kawaida huonekana kwenye About kama "Unknown Part", ndiyo maana mafundi huhamisha ile bodi ndogo ya betri ya asili kwenye seli mpya na kuiandika upya asilimia kwa mashine. Ukiichomeka kwenye kompyuta yenye programu ya 3uTools utasoma mizunguko, ingawa nayo huandikwa upya. Kipimo kisichodanganya ni kurekodi video ya 4K kwa dakika 15 mwanga ukiwa juu, uone chaji inashuka kwa hatua ndogondogo au inaruka kwa mikupuo, na kama simu inazimika ikiwa bado na asilimia 20 au 30.

Kioo: True Tone (kioo kujirekebisha rangi kufuata mwanga wa mahali ulipo) isipokuwepo kwenye mipangilio ya mwanga, kioo hicho si chake. Face ID iandikishe upya pale pale, usikubali "inafanya kazi, haijawekwa tu". Chungulia tundu la trei kwa tochi; alama ya ndani ikiwa nyekundu, maji yalishaingia.

Mwisho kabisa, mwambie muuzaji atoe akaunti yake, aifute yote, muiwashe upya mbele yako mpaka uone skrini ya nyumbani. Hapo iCloud, usimamizi wa mbali na chipu vyote vinajianika. Akikataa kufuta, ameshakujibu.

pwani_254

Nyongeza kutoka Kenya, hasa kwa wanaotegemea M-Pesa. Ile menyu ya M-Pesa ya Safaricom iko kwenye laini yenyewe, unaifungulia kwenye SIM Applications. R-SIM nayo hutumia nafasi hiyohiyo kuweka menyu yake ya kuchagua modeli na kampuni. Ukiingia pale ukakuta orodha ya modeli za iPhone badala ya M-Pesa, chipu imo, na menyu yako ya kutuma pesa inaweza kuwa imefunikwa. App ya M-Pesa na *334# ni njia za kuzunguka, bora mtandao usikatike katikati ya muamala. Kwa Vodacom ya huko jaribuni *150*00# ukiwa bado dukani.

Kwa upande wa sheria, huku mvutano ulikuwa wa kodi. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa tangazo Oktoba 2024 kwamba kuanzia 1 Januari 2025 IMEI za simu zinazoingia zitumwe kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya mapato. Julai 2025 Mahakama Kuu ilisema matangazo hayo ni kinyume cha Katiba, suala kubwa likiwa haki ya faragha, Kifungu cha 31. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi: kodi ya forodha inadaiwa bandarini, haihitaji orodha ya nani ana simu gani mfukoni. Lakini msisome uamuzi huo kana kwamba IMEI haina sheria Kenya. Kuiprogramu upya bado ni kosa huku pia.

kisima_kavu

Nawashukuru sana wakuu. Muuzaji nimemuuliza kuhusu kuifuta mbele yangu, kasema "simu za chipu hazifutwi". Ana 14 pia, ya Marekani, anasema hiyo haina chipu. Hiyo vipi?

fundi_trei

14 ya Marekani haina trei kabisa, ni eSIM tupu, kwa hiyo chipu hiyo haina pa kukaa. Carrier Lock ikisoma "No SIM restrictions" baada ya kufutwa, iko wazi kweli. Kabla ya kulipa, piga kwa kampuni yako ya simu uulize mambo mawili: wanatoa eSIM kwa mteja wa kawaida, na kuihamishia simu nyingine inakulazimu uende dukani au unafanya mwenyewe. Ukiwa mtu wa kubadilisha laini kila bando linapopanda bei, hiyo 14 itakuchosha. Tafuta ya Ulaya au Dubai, zina trei.

Na kwa sababu haina tundu la kuchungulia alama ya maji, kazia zaidi spika, maiki zote na chaji. Rekodi sauti, kisha video kwa kamera ya mbele na ya nyuma, usikilize kila moja.