Mama ana uvimbe kwenye kaakaa, ndugu wamegoma asipimwe. Naombeni ushauri

Mtoto wa Ujiji:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mama yangu ana uvimbe juu mdomoni, upande mmoja, pale kaakaa gumu linapokutana na laini. Ulianza mdogo kama harage, umekua taratibu miaka mingi. Hauumi, hautoi damu, ila sasa hata ugali wa muhogo anaumeza kwa taabu. Aling'olewa jino tukidhani ni jipu, uvimbe ukabaki palepale. Daktari wa meno pale hospitali ya Maweni anahisi ni tezi za mate, anataka akate kinyama kikapimwe. Ndugu wamekataa, eti uvimbe ukiguswa na kisu unageuka kansa. Shangazi anataka akachanjwe kwa mganga. Mama mwenyewe ameingiwa na hofu. Nifanyeje?

Tabibu Kinywa:
Pole sana. Kazi yangu ni meno, nami namuunga mkono huyo daktari. Mbali na zile tezi kubwa, mdomoni kuna tezi ndogondogo za mate 600 hadi 1,000, na kaakaa limejaa hizo. Uvimbe usio kansa unaozipata zaidi unaitwa pleomofiki adenoma, na unayoeleza yanafanana nao kabisa. Lakini msibweteke! Uvimbe wa tezi hizi ndogo mara nyingi tu hukutwa ni kansa, nayo pia huweza kukua polepole bila maumivu. Kwa macho huwezi kuutofautisha. Kisu cha kipimo hakiugeuzi kuwa kansa. Kuuacha miaka na miaka ndiko kunakoweza kuugeuza. Ukitolewa, utolewe wote na nyama kidogo ya pembeni, kwani ukibakizwa hurudi. Chale za mganga zitamletea kidonda na usaha tu, uvimbe uko palepale.

Binti Kasulu:
Kaka yangu alitolewa uvimbe wa namna hiyo hospitali ya Bugando. Kaakaa lilibaki na kidonda wazi, likajiziba lenyewe polepole. Alikunywa uji uliopoa, pilipili mwiko. Leo anakula migebuka kama sisi.

Mzee wa Mwanga:
Mwanangu, usibishane na shangazi yako nyumbani. Nenda naye kwa daktari, amuulize mwenyewe hilo la kisu. Akielewa yeye, mama atakubali.

Mtoto wa Ujiji:
Asanteni mno. Mzee, nitamwomba shangazi twende wote. Tabibu, kinyama kikishakatwa?

Tabibu Kinywa:
Kinaenda maabara ya patholojia, pengine nje ya mkoa. Ulizeni majibu yatatoka lini, na namba ya simu kwenye fomu iwe yako, si ya mama. Wasipopiga siku hiyo, fuatilia mwenyewe.